Pua ya Mama Shemasi

Mara ya kwanza kumwona Mama Shemasi, alikuwa amegeuza kwapa la shati la mtu na kuliweka puani. Hakunusa kwa mbali, kwa adabu, kama unavyonusa maziwa uliyoyatilia shaka. Aliizamisha pua nzima kwenye kitambaa, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akatulia kidogo, kisha akalitupa shati sakafuni upande wa kushoto na kuchukua jingine. Nilikuwa nimeingia chumba cha nyuma cha kanisa letu pale Grand Prairie nikitafuta choo. Nikasimama mlangoni huku chai ya asubuhi ikinipanda kooni. Akanitazama bila kuacha kazi yake.

"Choo iko pale mbele," akasema. "Lakini funga mulango, vumbi inaingia."

Kanisa letu ni la watu wanaosali kwa Kiswahili: Watanzania kama mimi, Wakenya, na Wakongo wa mashariki waliofika Texas kama wakimbizi. Lina mashemasi watano, wanaume kwa wanawake, na kazi yao ni kuwaangalia wahitaji. Hata hivyo ukisema Mama Shemasi, hakuna ambaye angekuuliza yupi. Alikuwa Mkongo, mfupi, mpana wa kiuno, mwenye miguu iliyovimba kila jioni. Siku za wiki alipakia maboksi kwenye ghala moja hapo hapo Grand Prairie, kazi ya kusimama kutwa. Jumamosi alikuja kusimama tena kwenye kile chumba, bila kulazimishwa na mtu. Habari za alikozaliwa na ukoo wake sizijui vizuri na sitazibuni.

Mlangoni palikuwa na bango la rangi lenye picha ya mikono iliyoshikana, limeandikwa CHUMBA CHA HURUMA. Nikilikumbuka lile bango nacheka kwa hasira. Ngoja niseme kilichokuwa ndani, maana nimechoka kuwasitiri watu. Mlikuwa na chupi zilizovaliwa, zenye alama za kazi yake. Mlikuwa na sidiria zilizolegea mpaka hazikujua tena zilitengenezwa kwa ajili ya nini. Mlikuwa na miswaki. Narudia: miswaki iliyotumika, minne, imefungwa kwa raba. Mlikuwa na kopo la maharage lililovimba, chupa ya mafuta ya kupaka iliyobaki robo na unywele wa mtu ndani yake, wigi lenye mba za mwenyewe, kiatu kimoja. Siku moja ililetwa nusu ya keki ya siku ya kuzaliwa, ikiwa na alama za vidole vya watoto kwenye krimu, na aliyeileta alituomba tumpigie picha akiikabidhi.

Waliovileta walikuwa watu wenye kazi za maana, wenye nyumba na magari mawili. Nawajua kwa sababu mimi ni mmoja wao, na najua hesabu yetu ilivyokuwa. Kila familia yetu hapa ina pipa, lile pipa kubwa la plastiki linalokaa gereji likijazwa taratibu mpaka lisafirishwe nyumbani kwa meli. Vitu vizuri tulivaa wenyewe. Vilivyotuchosha lakini bado vinang'aa vilikwenda kwenye pipa, kwa sababu dada yako Moshi akipokea blauzi iliyochanika atakusema kwa ukoo mzima. Kilichokataliwa na pipa ndicho kilichopelekwa kanisani. Tuliwaogopa ndugu zetu wa nyumbani, ila mgeni aliyeshuka ndege juzi na watoto hatukumwogopa. Atamsema nani kwa nani? Halafu Jumapili tunasimama mbele na kuiita kazi hiyo ushuhuda.

Mama Shemasi alikuwa na dawa yake. Kitu kichafu kinachofulika alikifua kwa mkono wake, akakipiga pasi, akakikunja. Kisha akakirudisha kwa mwenyewe. Hakuwa na hasira wala hakuhubiri. Aliendesha kile kigari chake cha buluu mpaka mlangoni pako, akabonyeza kengele, akakukabidhi mfuko na kusema maneno yale yale kwa kila mtu:

"Umesahau mufuko yako kule kanisani."

Mfuko wangu aliuleta nyumbani kwangu Carrollton Jumamosi moja saa tisa mchana. Sebuleni nilikuwa na akina mama kumi na watatu wa kikundi cha maombi. Nimepika pilau, nimetoa vikombe vya wageni. Akasimama pale kwenye zulia langu na viatu vyake vipya, maana kwa viatu alikuwa na majivuno, akasema neno lake, akanipa mfuko. Nikamkaribisha chakula kwa sauti nyembamba. Akashukuru kwa merci yake, akasema ameshakula, akaondoka.

"Ulisahau nini, Mama Neema?" aliuliza jirani yangu, mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwangu ambaye tunapeana lifti ya kanisani.

"Nguo za Neema tu," nikajibu. "Unajua watoto."

Walipoondoka nikafungua. Zilikuwa shuka zangu mwenyewe, zenye madoa ya damu yangu mwenyewe ya mwezi. Madoa yalikuwa yamefifia, inaonekana aliyasugua sana. Zilikuwa zimepigwa pasi mpaka kwenye pembe. Nilikaa chini jikoni na zile shuka mapajani, na kwa kweli sikuona aibu kwanza. Niliona hasira. Nilijiambia mwanamke huyu hana ustaarabu, kwao hawakumfunza, ushamba umemjaa. Nilimchukia juma zima, na Jumamosi iliyofuata nikaendesha mpaka Grand Prairie kwenda kumpa vidonge vyake.

Nilimkuta ameinamia beseni. Nikaanza kusema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajikausha mikono, akanitupia glavu.

"Bon. Umesema kweli, ilikuwa mbele ya watu, hiyo haikuwa muzuri," akasema. "Sasa nisaidie hii mapazia."

Nilikaa naye miaka mitatu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mdomo. Aliwasema Wakenya kwamba wanaongea na Mungu kama wanaongea na meneja, akatusema Watanzania kwamba tunasalimiana mpaka chakula kinapoa. Hakuwa na maneno laini hata kwa wale aliowahudumia. Mwanamume mmoja alitaka makoti matatu, naye akamwuliza mbele ya mkewe kama ana migongo mitatu. Hakuwakumbatia wageni, hakulia nao, na mtu akianza kumweleza mateso yake ya safari alimkatiza na kumwuliza anavaa kiatu namba ngapi. Mwanzoni nilidhani ni ukatili. Baadaye niliona kwamba wageni walipumua alipowauliza namba ya kiatu, kwa kuwa kila ofisi waliyoingia ilitaka kwanza wasimulie waliouawa.

Yeye mwenyewe hakuvaa mtumba hata siku moja. Hilo lilinichanganya. Mwanamke anayeshinda kwenye nguo za watu, na mshahara wake wa kupakia maboksi, lakini blauzi zake zote zilitoka dukani na lebo. Na marashi! Alipaka marashi mazito ya maua, ungejua kapita hapa saa nzima iliyopita. Watu walijitungia sababu. Walisema kule kambini alivalishwa matambara, ndiyo maana. Hata mahubirini liliwahi kutajwa, "dada yetu aliyevaa matambara ya kambi." Siku moja tukikunja taulo nikamwuliza.

"Kambini?" Akacheka mpaka akashika meza. "Kambini walitupatia blanketi mupya, iko kwa plastiki. Sabuni mupya. Kidogo, lakini mupya. Hapa Texas, ndiyo! Hapa watu wa kanisa walikuja na mufuko, wakaimba, wakaomba, wakatupiga picha. Wakaenda. Mi nafungua, ndani iko nini? Miswaki."

"Kanisa gani?"

"Shika hii pembe, ukunje vizuri," akasema, na sikupata jibu jingine.

Ugomvi wake mkubwa na kamati ulihusu vikaratasi. Tulikuwa na Kamati ya Huruma na Ushuhuda, mimi nikiwa katibu, na mwenyekiti alikuwa mhasibu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Iliamuliwa kila mfuko unaotoka uwekewe karatasi yenye mistari ya Biblia na saa za ibada. Mama Shemasi alivipokea vile vikaratasi, akavirundika dirishani, na mfuko hata mmoja haukutoka navyo. Mwenyekiti akaja kumwuliza sasa tunamshuhudia Kristo namna gani hapa nyuma.

"Papa, mi nasoma Neno ya Mungu kila siku," akamjibu. "Lakini Neno ya Mungu haiwezi ondoa harufu. Kwanza harufu itoke. Muntu akisikia mufuko iko na harufu muzuri, atauliza mwenyewe ni nani aliileta."

Mwenyekiti aliguna, akaenda. Mimi niliyakalia yale maneno siku nyingi. Nilikuwa nimeokoka tangu sekondari na sikuwahi kuambiwa kwamba imani yangu inaweza kunuswa.

Kisha akaugua. Ilikuwa homa ya kawaida, ya wiki mbili, kifua na kichwa. Akarudi kazini, akarudi chumbani. Jumamosi ya kwanza nikamwona anashika shati, analizamisha puani, anavuta, anavuta tena, analigeuza. Shati lile nililisikia kwa jasho nikiwa hatua tatu mbali. Akaliweka kulia, kwa mazuri. Nikalichukua taratibu na kulihamishia kushoto, nikidhani kachoka. La tatu akanikamata mkono.

"Iko nini?"

"Linanuka, Mama."

Akaenda kufunga mlango. Akaniambia kwamba tangu homa hasikii harufu yoyote. Juzi aliunguza samaki jikoni, akajua kwa macho alipoona moshi. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini mikono yake ilikuwa inalikunja na kulikunjua lile shati.

"Usiambie watu," akasema. "Itarudi. Kwa sasa utanipatia pua yako. Mi naona madoa, weye unanusa. Ukisema safi, inatoka. Ukisema hapana, inabaki. Sawa, Mama Neema?"

"Sawa, Mama."

Kwa hiyo mimi, niliyeingia pale mara ya kwanza nikitaka kutapika, nikawa ndiye mnusaji. Nilinusa makwapa ya Dallas na Fort Worth. Nilinusa soksi, mito, kola za makoti. Mwezi wa kwanza nilikuwa naenda nje kila nusu saa kuvuta hewa ya maegesho, na ukijua joto la Texas la mwezi wa saba utaelewa nilivyokuwa nimekwama hata nikaiona hewa ya lami ni nafuu. Lakini nilinusa kweli, na nikasema kweli. Harufu haikurudi kwake, na hakuna mtu mwingine aliyejua.

Sasa nifike kwenye godoro.

Lililetwa na jirani yangu wa Carrollton, yule wa lifti. Lilikuwa godoro nene la chumba chake cha wageni, na alilileta Jumapili baada ya ibada, juu ya pikapu ya mumewe. Watu wakatoka nje kutazama, simu juu, maana siku ile ile tulikuwa tumetambulishwa familia ngeni: mama Mkongo na mabinti wawili, wanalala sakafuni kwenye fleti iliyo ng'ambo ya barabara. Jirani yangu alifurahi mpaka machozi. Alisema Roho alimsukuma asubuhi ile. Wanaume wakaliteremsha na kulisimamisha ukutani.

"Dada, karibu u-check," akaniambia akicheka. "Najua nyinyi lazima mnuse!"

Watu wakacheka. Mama Shemasi akapita mkono juu ya kitambaa, akatazama pande zote mbili. Doa halikuwepo. Akanigeukia na kuinua nyusi kidogo tu, kama tulivyozoea. Nikainama, nikanusa.

Mkojo wa paka. Nyumba yao ina paka, nilimjua yule paka kwa jina. Ulikuwa umezama ndani kabisa, umefunikwa na poda na dawa ya kunyunyizia, lakini ulikuwepo, mkali, ule wa kuchoma nyuma ya macho.

Niliinua uso, nikamwona jirani yangu anasubiri. Alikuwepo sebuleni kwangu siku mfuko wangu uliporudishwa. Najua ningesikiaje mimi, mbele ya umati, simu zote zile. Nikamhurumia. Hilo ndilo neno, na linanitia kinyaa mpaka leo: huruma yote niliyokuwa nayo siku ile nilimpa mwenye godoro.

"Safi," nikasema.

Mama Shemasi akatikisa kichwa kukubali, na vijana wakalivusha godoro barabara.

Majuma matatu baadaye, Jumapili, tukiwa bado tunasalimiana mlangoni, tukamwona yule mama anakuja. Ameshika godoro upande mmoja, mabinti zake wameshika upande wa pili, wanalivuta kwenye lami. Walikuwa wakiishi bila kiyoyozi, kimeharibika, na joto lilikuwa limeupandisha ule mkojo mpaka ukajaa fleti nzima, ukaingia kwenye nguo zao na nywele zao. Wao hawakujua ni nini. Walidhani ndivyo nyumba za huku zinavyonuka. Yule binti mkubwa, wa miaka tisa hivi, watoto darasani walikuwa wamehamisha viti kukaa mbali naye. Akadhani ni mwili wake. Akajifungia bafuni akajisugua kwa dawa ya kusafishia choo, na mikono yake, tulipoiona, ilikuwa imechubuka kuanzia viganja hadi viwiko.

"Mama Shemasi," yule mama akasema, na hakupaza sauti. "Weye ulisema kitu yenu yote inanuswa."

Mama Shemasi akapiga magoti kwenye lami na viatu vyake vipya. Akauzamisha uso kwenye lile godoro mbele ya kanisa zima, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Watu waliosimama mbali walikuwa wameshika pua. Akavuta tena. Nilikuwa karibu naye nikaona machoni pake kwamba hakuwa anasikia harufu yoyote.

Akainuka. "Ni mimi," akasema. "Mi ndiye shemasi. Nisamehe." Akamshika yule mtoto mikono, akaitazama pande zote mbili kwa makini, akampeleka ndani kwenye maji baridi.

Kamati ikakaa Jumanne jioni. Akawaambia pua yake ilikufa tangu ile homa na hakusema. Mwenyekiti alisikitika kweli, sikatai.

"Kwa hiyo, Mama, muda wote huu umekuwa ukipitisha vitu bila kunusa?"

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi. Ilikuwa nafasi yangu. Sentensi moja tu: alikuwa ananusa kwa pua yangu, na mimi nilidanganya. Mama Shemasi hakunitazama. Alitazama mikono yake juu ya meza na akanyamaza, kwani jibu lolote la kweli lingebeba jina langu.

Nikaandika kwenye kumbukumbu: Mama Shemasi hakujibu.

Waliomba ajiuzulu kwa heshima, akajiuzulu. Godoro lilitoka kwa nani hakuna aliyeuliza, na Jumapili iliyofuata jirani yangu aliimba kwaya kama kawaida. Baada ya miezi michache tukasikia Mama Shemasi amehamia Katy, kwa binti yake. Chumba kikapewa watu wengine, wachangamfu. Wakaweka kifaa cha kupuliza harufu ya ndimu kila baada ya dakika chache, na vikaratasi vikaanza kutoka. Sikuweza kukanyaga tena mle. Nilijiambia ni ile ndimu inayonichefua.

Mwaka jana nilikwenda Katy. Ni zaidi ya saa nne kwa gari, na saa zote nne nilifanya mazoezi ya maneno yangu. Nilinunua shuka mpya dukani, za pamba, zikiwa kwenye plastiki. Nyumba ya binti yake ni mpya, kubwa, kwenye mtaa ambao nyumba zote zinafanana. Binti mwenyewe, mwanamke mpole anayefanya kazi ofisi ya hospitali, alinipokea huku anatafuta funguo zake, akaomba radhi kwamba ameitwa zamu.

"Mama yuko nyuma, shikamoo yako ataifurahia," akasema. "Amezeeka kidogo, lakini yuko sawa kabisa."

"Koko's fine, Auntie," mjukuu wa kike akaongeza kutoka kwenye kochi, akimwita bibi yake Koko, bila kuondoa macho kwenye simu. Nikaona alikuwa amekaa pembe ya mbali, ingawa kochi lote lilikuwa tupu.

Marashi yalinifikia kabla ya mlango. Yale yale ya maua, lakini sasa yalikuwa mengi ya kuumiza kichwa. Alikuwa ameketi dirishani, amepungua mwili, miguu ameiweka juu ya kigoda, kavaa viatu vizuri. Chini ya marashi kulikuwa na kitu kingine. Nikakisikia mara moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mama Neema! Umekuja na hii joto yote?"

Nikampa shuka. Akapitisha kidole kwenye plastiki, akaona haijafunguliwa, akatabasamu. Tukaongea habari za Grand Prairie, za miguu yake, za Neema. Maneno yangu ya njia nzima bado sikuwa nimeyatoa. Yeye ndiye aliyeyaanza.

"Ile matela," akasema, yaani lile godoro. "Mi nafikiri sana ile matela. Nilitaka kukuuliza kitu moja tu. Ile siku, harufu uliisikia? Ama na weye pua ilikuwa imechoka?"

Alinipa mlango wa kutokea, ukiwa wazi kabisa. Ningesema nilikuwa na mafua.

"Niliisikia, Mama."

"Uliisikia."

"Ulikuwa mkojo wa paka. Niliisikia yote. Nikasema safi kwa sababu niliona aibu kwa ajili ya yule dada. Na kwenye kikao nikanyamaza, nikakuacha wewe ubebe."

Nililia. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alitazama nje ambako hapakuwa na kitu ila uzio wa jirani. Nikangoja anifukuze, na ningeona ni haki.

"Yule mutoto, mikono yake ilipona?"

"Ilipona. Ina makovu kidogo."

Akaniambia nifunge mlango.

"Basi pua yako ni nzima," akasema. "Yenye kuwa mugonjwa ilikuwa kinywa. Sikia, Mama Neema. Hapa kwa binti yangu watu wote ni wapole. Mi nauliza mutoto wangu, niko na harufu? Anasema hapana, Mama, uko sawa. Nauliza wajukuu, wanasema you're fine, Koko. Lakini naona wakikaa mbali. Naona wakifungua dirisha. Mi siwezi jua. Naweka marashi, naongeza, siwezi jua." Akashika mikono ya kiti, akajisogeza mbele. "Njoo unuse. Usininyanyase na upole. Unuse kama shati."

Nikapiga magoti mbele yake. Akainua mkono, nikaweka uso kwapani mwake, nikavuta pumzi. Nikashuka mpaka kwenye sketi. Kichefuchefu kilinipanda kama siku ile ya kwanza mlangoni, na nilibaki pale mpaka nikawa na hakika.

"Unanuka, Mama," nikasema. "Mkojo. Wa siku nyingi. Uko kwenye sketi na kwenye kiti. Na marashi yanazidisha."

Akafumba macho.

"Merci," akasema. "Nifungulie maji."

Bafu lilikuwa jeupe, na taulo zilizopangwa kwa rangi. Nikamvua viatu, nikamvua sketi, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya bafu. Nikamsugua mgongo, mapaja, mikunjo yote, kwa sabuni isiyo na manukato niliyoikuta kabatini. Maji ya kwanza yalitoka na rangi. Alishikilia ukingo na kuinua mguu nilipomwambia ainue. Nilipomaliza nikamkausha, nikamfunga taulo safi. Mikono yangu ilikuwa imekunjamana kwa maji na mgongo unaniuma, na nilitamani sana iwe imekwisha.

"Na sasa?" akauliza.

Nikainama, nikanusa.

"Bado kidogo, Mama."

Akavua taulo, akarudi kukaa kwenye kiti, nami nikafungua maji tena.